Pasipoti Mkononi, Mlango Umefungwa

Jumapili iliyopita mpwa wangu, bintiye dada yangu mkubwa, alifika kwangu akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Tulipomaliza chai akanieleza kilichomleta. Amemaliza kozi ya miezi sita ya kuhudumia wazee na wagonjwa, kazi hajapata, na wakala mmoja hapa jijini amemwahidi kumpeleka Uingereza. Mamake ameshauza ng'ombe wawili kulipa malipo ya kwanza. Mimi, kama mjomba, nilitarajiwa kujaza lililopungua.

Nikamwuliza ni viza ya aina gani.

"Ni ile ya wahudumu, mjomba. Na wakala amesema mtoto wangu atanifuata baada ya miezi mitatu."

Sasa, kazi yangu mimi ni kusoma habari, na habari hii niliisoma kwa kinywa changu mwenyewe. Uingereza iliwafungulia wahudumu wa kutoka nje viza hiyo Februari 2022, wakati nyumba zao za kutunzia wazee zilipokuwa hazina watu wa kufanya kazi. Machi 2024 wahudumu wapya wakakatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Julai 22, 2025 nchi hiyo ikaacha kabisa kupokea maombi mapya ya wahudumu wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Kwa muda wa miaka mitatu na ushei mlango ulifunguliwa, ukabanwa, ukafungwa. Wakala alikuwa akimwuzia mpwa wangu tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

"Lakini karatasi zote ninazo, mjomba," akasema, huku akizipanga mezani moja moja: pasipoti, cheti cha kozi, cheti cha mwenendo mwema cha polisi, picha nne.

Maneno hayo niliyasikia zamani kutoka kwa baba yangu, naye aliyasikia mwaka 1968 kutoka kwa mtu aliyekuwa na pasipoti nzito kuliko ya mpwa wangu. Nimeona leo niwasimulie habari ile. Wengi wa rika langu hawaijui, na wanaoijua huisimulia nusu.

Baba, Mungu amrehemu, alifanya kazi katika duka la vitambaa pale Biashara Street, Nairobi. Alipima na kukata vitambaa, alibeba marobota, alitumwa benki. Duka lilikuwa la ndugu wawili Wahindi. Wote wawili walizaliwa papa hapa Nairobi, baba yao akiwa ametoka Gujarat. Baba aliwaita Bwana Mkubwa na Bwana Mdogo, nami nitawaita hivyo hivyo.

Ili tuelewe pasipoti za ndugu hawa, ni lazima turudi nyuma kidogo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwaweka watu wa Uingereza yenyewe na watu wa makoloni yake chini ya uraia mmoja, uraia wa Uingereza na Makoloni. Kwa maandishi, Mhindi wa Nairobi, Mkikuyu wa Kiambu na Mwingereza wa Liverpool walikuwa raia wa jina moja. Nasema kwa maandishi, kwa sababu katika miaka ya hali ya hatari yule Mkikuyu hakuweza hata kutoka Kiambu kuja Nairobi bila kibali. Uraia wa karatasi, msikilizaji, una madaraja yake.

Mwaka 1962 Uingereza ikatunga sheria ya kwanza ya kuwazuia raia wa Jumuiya ya Madola kuingia kwake watakavyo. Waliosamehewa ni waliozaliwa huko, na wenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Pasipoti iliyotolewa na serikali ya koloni haikuhesabiwa.

Hapo ndipo palipo na ajabu. Kabla ya uhuru, Mhindi wa Nairobi alipata pasipoti yake kwa serikali ya koloni, kwa hiyo alizuiwa kama wengine. Baada ya Desemba 12, 1963 serikali ya koloni haikuwapo tena, na aliyekuwa na mamlaka ya kumpa pasipoti raia wa Uingereza hapa Kenya ni ubalozi wao. Pasipoti ya ubalozi ilikuwa pasipoti ya London. Uhuru wetu sisi ukamfungulia Mhindi mlango ambao Mwingereza alikuwa amemfungia.

Katiba yetu ya uhuru ilikuwa na masharti yake. Aliyezaliwa Kenya, na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya, alikuwa raia bila kuomba. Wengine waliokuwa na haki ya kuandikishwa walipewa miaka miwili, mpaka Desemba 12, 1965, nao walitakiwa kuukana uraia mwingine wowote. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu Waasia wapatao 177,000 nchini. Kuna waliokuwa raia moja kwa moja, lakini kati ya waliopaswa kuomba, walioomba kwa wakati walikuwa wachache.

Kwa nini? Tangu utotoni nimesikia jibu moja: walitudharau, walikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Siwezi kusema ni uongo. Bwana Mkubwa, kwa mujibu wa baba, alisema waziwazi dukani kwamba serikali ya Waafrika haitamaliza miaka mitano, na hakujali nani anamsikia. Lakini wapo walioogopa tu, kama mtu yeyote anayeambiwa atupe karatasi aliyonayo kabla hajapewa nyingine. Na wapo walioomba wakasahauliwa. Bwana Mdogo alipeleka ombi lake mwishoni mwa 1965. Hakujibiwa. Maelfu ya maombi ya namna hiyo yalilala ofisini kwa miaka, na mwenye faili iliyolala si raia wa huku wala hana uhakika wa kule.

Mwaka 1967 Bunge letu likapitisha sheria mbili. Ya uhamiaji iliwataka wasio raia kuwa na vibali vipya vya kazi, vya muda maalumu, na kibali hakikutolewa iwapo kulikuwa na Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Ya leseni za biashara iliwaondoa wasio raia katika maeneo fulani ya miji na katika biashara ya bidhaa kadhaa. Mimi ni Mkenya, na sioni haya kusema kwamba nchi iliyojipatia uhuru ina haki ya kuwatafutia watu wake kazi. Baba yangu alipata manufaa. Lakini nikiwa mwandishi wa habari sina budi kusema pia kwamba neno "asiye raia" liliwakumba pamoja yule aliyetudharau na yule ambaye faili yake tuliilalia.

Basi watu wakaanza kuondoka. Mwaka 1967 walioingia Uingereza kutoka Afrika Mashariki kwa pasipoti hizi walikuwa kama 13,000, maradufu ya mwaka uliotangulia. Kule London wanasiasa wakaanza kupiga kelele, mbele yao wakiwa Enoch Powell na Duncan Sandys. Huyu Sandys ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopata uhuru, yaani katiba iliyowaacha watu hawa na pasipoti hizo ilipita mikononi mwake. Mmoja wa watangulizi wake, Iain Macleod, alisema hadharani kuwa ahadi ilitolewa na ni lazima itimizwe. Sandys akakana. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, wakibishana juu ya barua ileile.

Kelele za kutaka mlango ufungwe ndizo zilizowafanya watu waukimbilie. Jambo hili naliona kila mwaka: tangaza kuwa kitu kitakwisha kesho, uone foleni leo. Serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ilimtuma Malcolm MacDonald, aliyekuwa gavana wa mwisho wa Kenya, kumwomba Mzee Kenyatta apunguze mwendo. Hakufanikiwa. Katika Januari na Februari 1968 peke yake, idadi ya waliosafiri ilikaribia ile ya mwaka mzima wa 1967. Alhamisi Februari 22, Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akatangaza mswada.

Baba alisema wiki ile hapakuuzwa kitambaa hata yadi moja Biashara Street. Watu walikuwa wakiuza mizani, makabati, magari, kwa bei ya kutupa. Tiketi ya ndege ndiyo iliyokuwa bidhaa. Bwana Mkubwa na familia yake walipata nafasi Jumanne ya tarehe 27, siku ileile Bunge la London lilipokuwa likijadili mswada. Baba aliwasindikiza mpaka Embakasi, masanduku yakiwa juu ya gari la mkopo. Anasema uwanja ulijaa hadi nje, wazee wamekaa juu ya mabunda, watoto wamevishwa makoti ya sufu katika jua la Februari.

Bwana Mdogo hakupanda. Alitaka kukusanya madeni na kuuza shehena iliyobaki. Kaka yake akamsihi, naye akajibu kwa Kiswahili chao cha dukani, mbele ya baba: "Mimi nakuja mwezi ya tatu. Karatasi yote iko."

Mwezi wa tatu ulianza Ijumaa. Ijumaa hiyo, Machi 1, 1968, mswada ukawa sheria. Mabunge yote mawili yalikuwa yameumaliza kwa siku tatu, wakubwa wa Bunge la juu wakikesha usiku kucha. Tangu tangazo la Callaghan zilikuwa zimepita siku nane.

Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu mahali popote. Ilisema tu kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia bila kuzuiwa ikiwa yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia wake huko. Sasa chukua Mzungu mwenye shamba Nakuru, na chukua Bwana Mdogo. Wote wamezaliwa Kenya. Wote wana pasipoti za rangi moja, za ubalozi mmoja, pengine zilizopigwa muhuri na karani mmoja. Mmoja babu yake ametoka Scotland, mwingine Gujarat. Hapakuhitajika neno "rangi".

Na wakubwa walijua. Karatasi za Baraza la Mawaziri zilizofunguliwa mwaka 1999, baada ya miaka thelathini ya kufungiwa, zinaonyesha kuwa waziri wa Jumuiya ya Madola, George Thomson, aliwaonya wenzake kwa maandishi kwamba sheria hii ingekuwa ubaguzi wa rangi dhahiri na kinyume cha kila wanalodai kuliamini. Walimsikia, wakapitisha.

Nilipokuwa kijana niliishika pasipoti ile ya Bwana Mdogo. Tutafika huko. Ilikuwa na jalada gumu la bluu iliyokolea, simba na farasi mwenye pembe wamechapwa kwa dhahabu, na ndani maandishi ya mwandiko wa kupendeza ambamo waziri, kwa jina la Malkia, anaziomba nchi zote zimruhusu mwenye pasipoti apite bila kizuizi. Nchi nyingine zingeweza kuitikia ombi hilo. Aliyelikataa ni yule aliyeliandika.

Waliojaribu kwenda bila ruhusa mpya walirudishwa. Kenya nayo haikuwa radhi kuwapokea, maana walikwisha ondoka na si raia wake. Ikawa mtu anarushwa kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, wiki kwa wiki, kama mpira. India nayo, kwa kuhofia kubebeshwa mzigo wa Uingereza, ikaanza kuwadai viza.

Uingereza ilileta utaratibu wa vocha. Kila mwaka zingetolewa 1,500, kila moja ikiwa ya mkuu wa familia pamoja na wanaomtegemea. Mwanamke mwenye mume hakuhesabiwa kuwa mkuu wa familia, hata kama pasipoti ya Kiingereza ilikuwa yake na si ya mumewe. Ili ufikiriwe mapema ilikusaidia kuwa umenyang'anywa leseni au kazi. Yaani, msikilizaji, ilikulazimu kwanza uanguke ndipo uokotwe. Idadi iliongezwa kuwa 3,000 mwaka 1971, na wengine walikuwa wameshakwenda India kusubiri kwa miaka, wakiishi kwa jamaa wasiowajua.

Bwana Mdogo alisubiri hapa. Leseni yake haikuongezwa muda, duka likauzwa kwa Mwafrika, na yeye akawa mwandishi wa vitabu vya hesabu katika duka alilokuwa akilimiliki. Kibali chake cha kukaa kiliongezwa mara kwa mara, miezi michache michache. Baba alisema mtu huyo alijifunza kutonunua chochote kizito. Alikuwa na viti viwili, meza moja, na kalenda. Vocha ilifika mwaka 1974.

Walioshtaki walikuwapo. Watu 31 walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Desemba 1973 Tume iliona kwamba kuwazuia watu kwa sababu ya asili yao, kwa namna ile, kulikuwa kuwatendea kwa njia ya kuwadhalilisha, na ikasema hivyo kuhusu 25 kati yao. Ni ushindi wa namna gani huo? Ripoti yenyewe ilifungiwa, ikatolewa hadharani mwaka 1994, wengi wa waliohusika wakiwa wameshaingia, au wameshakufa.

Ya Uganda mnayajua zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90, na kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikitazama, Uingereza iliwapokea kama 28,000. Jina la Amin limebaki katika kila kitabu. Wa Kenya waliokaa kwenye foleni hawakuwa na Amin wa kuwafanya wajulikane. Foleni haipigwi picha.

Kabla hatujamaliza kumcheka Mwingereza, tujitazame. Katiba yetu ya 2010 inasema katika kifungu cha 39 kwamba kila raia ana haki ya kuingia na kukaa Kenya. Februari 2018 wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Kenya, alipandishwa ndege kupelekwa Canada. Mwezi uliofuata alirudi, akazuiliwa uwanjani Nairobi na kusafirishwa mpaka Dubai, na maagizo ya mahakama yakapuuzwa. Alikanyaga tena nchi yake Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Kifungu kilikuwapo siku zote hizo. Kilichobadilika ni mtu mwenye ufunguo. Hata hivyo nisiwe mchoyo wa sifa: Julai 2017 serikali yetu iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44, na yapo maduka Biashara Street ambayo wajukuu wa waliobaki wanayaendesha hadi leo, wakiwa na vitambulisho kama changu.

Kule Uingereza, walioachwa nje walibadilishiwa jina mwaka 1983, wakaitwa raia wa Uingereza wa ng'ambo, uraia usio na haki ya kuingia nchi yoyote. Utaratibu wa vocha ulifutwa Machi 2002. Mwaka huohuo Bunge lao lilipitisha sheria iliyowaruhusu wale wasio na uraia mwingine kuandikishwa kuwa raia kamili. Ilikuwa imepita miaka 34.

Bwana Mdogo alikuja kututembelea mara moja, mimi nikiwa shule ya upili. Alikuwa amezeeka, amevaa koti zito, akamletea baba sweta. Alitoa pasipoti ile ya zamani, iliyokatwa pembe, akaniachia niipekue. Baba akamwuliza kama anajuta kutopanda ndege siku ile na kaka yake. Akasema madeni yale aliyobaki kukusanya, hakulipwa hata nusu.

Mimi mwenyewe nilinyimwa viza mwaka nilipomaliza diploma. Ubalozi mmoja uliniandikia kwamba sikuonyesha uhusiano wa kutosha na nchi yangu. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga na deni la ushirika. Sijui walitaka uhusiano wa namna gani zaidi ya huo.

Haya yote nilimsimulia mpwa wangu mpaka chai ikapoa mara mbili. Hakufurahi. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa mjomba, nisiende popote?" Nikamwambia sikusema hivyo. Wapo wanaokwenda na wanafika: wauguzi waliosajiliwa wana njia yao, na kuna mkataba wa nchi mbili hizi wa mwaka 2021 unaowahusu. Wanafunzi wana yao. Lakini yeye ana cheti cha miezi sita, na mlango wa cheti hicho umefungwa, na mtu anayechukua pesa za ng'ombe wa dada yangu anajua hivyo au hataki kujua.

Jumatatu asubuhi tulikwenda pamoja kwa wakala. Ofisi iko ghorofa ya tatu, ina kapeti, na bendera ndogo za nchi saba mezani. Nilimwomba anionyeshe tangazo la serikali ya Uingereza linalosema kwamba wahudumu bado wanapokelewa kutoka nje. Akasema mkubwa wake amesafiri. Nilimwuliza risiti ya malipo ya kwanza mbona haina muhuri. Akatoka nje kupiga simu, akakaa huko dakika ishirini.

Mpaka ninaposoma taarifa hii, dada yangu amerudishiwa pesa za ng'ombe mmoja. Za wa pili tumeambiwa tuzifuate Ijumaa.